Mpango wa TEHAMA wa shule ukae ndani ya mpango wa elimu

Swali: Mimi ni afisa elimu taaluma katika halmashauri moja ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Mkurugenzi ametuagiza sisi wa elimu, pamoja na Kitengo cha TEHAMA, tuandae Mpango wa TEHAMA wa Shule wa miaka mitano. Mpango mkakati wa halmashauri tunao, mipango ya maendeleo ya shule ipo, na bajeti ya kila mwaka tunaiingiza PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, kama kawaida. Sasa huu mpya utakaa wapi? Tuuandike kama kitabu kinachojitegemea, au tuuchanganye na mipango ya elimu tuliyo nayo? Na kama ni kuchanganya, tuanzie wapi wakati shule zetu nyingine hata umeme hazina?

Jibu: Ndugu Afisa Taaluma, asante kwa swali, na hongera kwa kuuliza kabla hamjaanza kuandika.

Kwa ufupi, msitoe kitabu kinachojitegemea. Andikeni kwanza malengo ya elimu. Kisha kila kifaa, kila soketi na kila mafunzo ya walimu yaingie chini ya lengo la elimu yanalolihudumia, kwa kasma yake (fungu lake la bajeti) na kwa jina la ofisa wa elimu atakayeulizwa. Mkurugenzi akihitaji waraka wenye jalada la "Mpango wa TEHAMA", mtauchomoa humo humo: vipengele vyote vya teknolojia vilivyotawanyika kwenye mpango wa elimu mnavikusanya mahali pamoja ili visomeke kwa urahisi. Waraka huo usiwe na shughuli hata moja ambayo haimo kwenye mpango wa elimu.

Najua agizo limekuja kwa sura nyingine, na sababu yake iko kwenye muundo wetu. Elimu ina idara mbili, ya awali na msingi na ile ya sekondari. TEHAMA ni kitengo kinachowajibika kwa mkurugenzi moja kwa moja, na muda wa maofisa wake unamezwa na mashine za kukusanyia mapato, mifumo ya malipo na kompyuta za makao makuu. Mkiwaachia waandike mpango wa shule, wataandika wanachokijua, tena kwa umahiri: idadi ya kompyuta, kasi ya mtandao, aina ya seva. Ninyi wa taaluma nanyi mtaandika mnachokijua: ufaulu, mdondoko, uhaba wa walimu wa sayansi. Nyaraka zote mbili zitapita kwenye vikao bila kukutana mahali popote.

Hata PlanRep inalionyesha hilo. Shughuli za TEHAMA mara nyingi huangukia Lengo E, la utawala bora na huduma za utawala, wakati za elimu zinakaa Lengo C, la huduma za jamii. Ukomo wa bajeti ukishuka na ikabidi kupunguza, mtu anayekata hana namna ya kuona kwamba projekta iliyoandikwa huku ndiyo inayotegemewa na mafunzo ya walimu yaliyoandikwa kule. Anaondoa projekta, mafunzo yanabaki. Au anaondoa mafunzo, projekta zinanunuliwa na kuwekwa stoo.

Wamarekani walipitia hali kama hii kwa ukubwa wa nchi nzima, na inafaa tujifunze kwao kwa sababu kule wilaya ya elimu ina bodi yake, bajeti yake na msimamizi mkuu wake. Sheria ya Mawasiliano ya 1996 ilizaa mpango unaoitwa E-Rate, ambao tangu 1998 unazipa shule na maktaba punguzo la gharama za mawasiliano na intaneti, kuanzia asilimia 20 hadi 90, na maeneo maskini ndiyo yanayopata zaidi. Ili wilaya ipate punguzo, ilitakiwa iwe na mpango wa teknolojia ulioidhinishwa, wenye malengo na mkakati, mafunzo ya watumishi, tathmini ya mahitaji, bajeti, na namna ya kupima matokeo. Ukiyasoma masharti hayo huoni kosa, na mimi ningeyatumia leo kama orodha ya kujikagua. Lakini waraka unaodaiwa na mtoa fedha huishia kuandikwa kwa ajili ya mtoa fedha. Mwaka 2010 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilianza kuondoa sharti hilo kwa baadhi ya huduma, na 2014 ikaliondoa kwa zilizobaki, katika juhudi za kupunguza makaratasi. Sharti likaondoka na punguzo likaendelea.

Los Angeles, wilaya ya pili kwa ukubwa nchini humo, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 bodi yake iliidhinisha awamu ya kwanza, ya dola milioni 30, ya kumpa kila mwanafunzi iPad. Mradi mzima, pamoja na mtandao wa shuleni, ulikadiriwa kuzidi dola bilioni 1, na fedha zilitoka kwenye hati fungani za ujenzi wa shule, yaani deni la miaka mingi la kununulia kifaa cha miaka michache. Wiki chache baada ya kugawiwa, wanafunzi walikuwa wamekwishakwepa vizuizi vya usalama. Programu ya masomo iliyonunuliwa pamoja na vifaa haikuwa imekamilika, na walimu wengi hawakuwa tayari. Agosti 2014 mkataba ulisitishwa, na Oktoba msimamizi mkuu akajiuzulu. Nikisoma habari zile siwezi kusema walikosa fedha wala wataalamu. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya zabuni, mwalimu wa darasa la tano atafanya nini na kifaa kile Jumatatu asubuhi.

Kenya, majirani zetu, wana funzo la aina mbili. Programu yao ya kidijitali kwa shule za msingi, iliyoanza 2016, ilifikisha vifaa zaidi ya milioni moja kwenye shule za umma zaidi ya 20,000. Kabla ya vifaa kufika, shule ziliunganishiwa umeme wa gridi au wa jua, na hilo ni la kuigwa bila kusita. Ugumu ulianza baadaye, kwenye mambo yaliyo ya shule moja moja: bili ya umeme, wizi, matengenezo, mwalimu mwenye darasa lililofurika watoto na vifaa visivyotosha. Mambo hayo hayawezi kupangwa Nairobi, kama ambavyo kwetu hayawezi kupangwa Dodoma. Ni kazi ya halmashauri, na ndiyo maana naliona swali lako kuwa zito.

Sisi wenyewe tumekwisha kuliona hili. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kwenye kazi ile. Lilikuwa jambo jema na bado ni jema. Katika shule moja ya kata nilikutana na mwalimu wa Fizikia aliyepakua vitabu vyote vya Kidato cha Tatu kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, kwa bando la mfukoni mwake, siku aliyokwenda mjini. Anaandalia masomo humo na kuwaonyesha wanafunzi michoro ya saketi, meza kwa meza. Mwenzake wa ofisi hiyo hiyo alikuwa na kishikwambi cha aina ile ile kwenye droo, kioo kimepasuka, na hakujua amwandikie nani. Mkuu wa shule naye hakujua. Nilipotazama bajeti ya halmashauri yao sikukuta mstari wa matengenezo, wala wa bando, wala wa mafunzo yanayohusu vishikwambi. Vifaa vilikuwapo kwenye rejista ya mali tu.

Sasa tuje kwenye "tuanzie wapi".

Anzieni kwenye tatizo moja la taaluma ambalo matokeo yenu ya NECTA yanalionyesha kila mwaka. Tuseme ni Hisabati, Kidato cha Pili. Kaeni na walimu wa somo, wathibiti ubora wa shule na maafisa elimu kata wachache, mjibu swali moja: kwa nini watoto hawafaulu? Msiruhusu neno kompyuta kutajwa katika kikao hicho cha kwanza. Mtapata sababu za namna tofauti. Shule fulani hazina mwalimu wa Hisabati kabisa. Nyingine mwalimu yupo, ila kuna mada anazozikwepa kwa sababu na yeye zinampa shida. Watoto wengine wametoka darasa la saba bila kumudu sehemu na asilimia. Wengine hawaelewi swali kwa sababu limeandikwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo mnapomwita ofisa TEHAMA na kupitia sababu moja baada ya nyingine, mkiuliza kama teknolojia ina la kufanya, na kama ipo njia nafuu zaidi ya kupata jambo lile lile. Shule isiyo na mwalimu inahitaji mwalimu. Somo lililorekodiwa linasaidia kidogo pale tu penye mtu mzima darasani wa kusimamisha video, kuuliza na kusahihisha, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhamisha au kuazimana walimu. Kwa mwalimu anayekwepa mada, teknolojia ina nafasi kubwa: kompyuta mpakato moja, projekta moja, na saa mbili kila mwezi ambapo walimu wa Hisabati wa kata mbili tatu wanaitazama mada hiyo ikifundishwa na kuijaribu wenyewe. Kwa watoto wenye msingi dhaifu, kinachohitajika ni mazoezi mengi yanayosahihishwa haraka, na hapo kifaa chenye tija kuliko vyote huenda kikawa mashine ya kudurufu iliyowekwa kituo cha walimu, inayotoa karatasi za mazoezi kwa shule zote za tarafa. Mashine ya kudurufu ni teknolojia, nayo ina haki ya kuingia kwenye mpango huu kuliko vishikwambi mia visivyo na kazi. Na kwa tatizo la lugha, nakushauri uwaulize walimu wa Kiingereza kwanza kabla hujatafuta programu yoyote.

Mkimaliza zoezi hilo kwa tatizo moja, lifanyieni la pili: labda Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la pili, labda mafunzo kwa vitendo ya sayansi, labda mahudhurio. Kwa mwaka wa kwanza matatu yanatosha.

Namna ya kuyaandika ni hii. Lengo linabaki lile lile la huduma za jamii. Shabaha inakuwa ya elimu: ufaulu wa Hisabati Kidato cha Pili upande kutoka kiwango mlicho nacho hadi kiwango mtakachokubaliana, ifikapo Juni ya mwaka fulani. Chini yake shughuli zinafuatana: kusawazisha ikama (idadi kwa kila shule) ya walimu wa Hisabati, kuwezesha mikutano ya kila mwezi ya walimu, kununua projekta kadhaa na kompyuta zake, kufunga soketi na nondo kwenye vyumba vitakavyotumika, kulipia matengenezo. Ofisa TEHAMA anawajibika kwa sifa za kiufundi na kwa ukaguzi wakati wa kupokea bidhaa. Ofisa elimu anawajibika kwa shabaha. Mkiandika hivyo, anayetaka kukata projekta atalazimika kuikata mbele ya macho ya shabaha iliyo juu yake, na kama ni lazima ikatwe, ninyi mtajua hapo hapo kuwa shabaha nayo ipunguzwe.

Kwenye fedha nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi inapofia.

Tangu elimu bila ada ianze 2016, ruzuku ya uendeshaji imewekwa kwa kichwa: Sh 25,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa sekondari, ambapo nusu, Sh 12,500, ndiyo inayoingia akaunti ya shule, na nyingine inabaki kwa ajili ya vitabu. Kwa shule ya msingi ni Sh 10,000, na Sh 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Chukua sekondari ya kata yenye wanafunzi 400. Inapokea Sh 5,000,000 kwa mwaka, kidogo zaidi ya Sh 416,000 kwa mwezi. Hiyo ni chaki, karatasi, mitihani ya ndani, ukarabati mdogo, michezo, kila kitu. Shule ya msingi ya wanafunzi 600 inapata Sh 3,600,000, yaani Sh 300,000 kwa mwezi.

Sasa mpe mkuu huyo wa sekondari chumba cha kompyuta 20. Tukikadiria kila moja Sh 1,000,000 na kwamba itadumu miaka mitano, ni lazima kila mwaka zitengwe Sh 4,000,000 ili siku zinapochoka ziwepo fedha za nyingine. Ongeza intaneti ya Sh 80,000 kwa mwezi, yaani Sh 960,000 kwa mwaka. Jumla ni Sh 4,960,000. Ruzuku ya mwaka karibu yote imekwisha, na bado sijahesabu LUKU, fundi, wala mlinzi. Bei hizi ni za mfano, wekeni za soko la kwenu, lakini sidhani kama mtafika mahali pazuri zaidi kwa kubadilisha tarakimu.

Ndiyo maana nasisitiza kila kifaa kiandikwe kwa mistari miwili: mstari wa kununua, na mstari wa kukiweka hai kwa miaka yote ya mpango. Mstari wa pili usiachiwe ruzuku ya shule. Utengwe kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, ukae kwenye kasma ya idara ya elimu, na upitishwe na madiwani kila mwaka kama mishahara ya vibarua inavyopitishwa. Kama halmashauri haiwezi kuubeba mstari wa pili wa kompyuta 20, basi mpango useme kompyuta sita, au useme chumba kimoja cha kata nzima kinachotumiwa kwa zamu.

Kanuni hiyo iwahusu pia wafadhili. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukizipa shule za umma kompyuta na kuwafundisha walimu, na wapo wadau wengine, wakiwamo wahitimu wa zamani na kampuni. Pokeeni kwa shukrani, ila muwe na ukurasa mmoja wa masharti unaotolewa kabla ya hafla: kifaa kinakwenda shule iliyo kwenye orodha yenu, kinaingia chini ya shabaha fulani, na mfadhili anaombwa achangie nyaya, betri au mafunzo pale ambapo vifaa vyenyewe vimetosha. Wengi hukubali wakielezwa vizuri. Mfadhili hupenda kusikia kwamba halmashauri inajua inachokitaka.

Kuhusu umeme, tafadhali msitumie takwimu ya "shule zenye umeme" kama ilivyo kwenye taarifa zenu. Nendeni mkahesabu soketi. Shule nyingi zinahesabiwa kuwa na umeme kwa sababu waya umefika ofisi ya mwalimu mkuu, wakati madarasa hayana hata taa. Tumeni fomu ya nusu ukurasa kupitia maafisa elimu kata: madarasa mangapi yana soketi inayofanya kazi, mita ni ya nani na nani analipa, simu inashika mtandao gani ukiwa ndani ya darasa, chumba gani kina mlango wa chuma na nondo, kifaa gani kipo na kinafanya kazi. Yale ambayo tayari yamo kwenye mfumo wa taarifa za shule chukueni huko, msiwasumbue walimu wakuu kuyajaza mara ya pili.

Majibu yakirudi, gawanyeni shule katika makundi matatu, na kila kundi liwe na shughuli zake. Zenye umeme madarasani na mtandao wa uhakika zinaweza kuanza na projekta na mikutano ya walimu kwa video. Zenye umeme na mtandao dhaifu zipewe maudhui yaliyokwisha kupakuliwa: vitabu vya Taasisi ya Elimu na masomo yaliyochaguliwa na walimu wenu, yakiwa kwenye seva ndogo ya ndani au hata diski ya nje, yanasasishwa na ofisa TEHAMA kila muhula. Kwa matumizi ya kufundishia, nionavyo, mtandao wa kila siku haulazimiki katika miaka miwili ya kwanza. Shule zisizo na umeme zipewe sola ya kutosha taa za ofisi, kuchaji vishikwambi vya walimu na kuendesha projekta ndogo, pamoja na karatasi nyingi kutoka mashine ya kudurufu. Katika kundi hili andikeni pia bei ya betri mpya, kwa sababu betri hufa mapema kuliko paneli, na sola isiyo na fedha ya betri huishia kuwa pambo la paa. Msiseme shule hizi "zitasubiri awamu ya pili". Mtoto wa kule anafanya mtihani ule ule, tarehe ile ile.

Walimu. Nchi tayari ina utaratibu wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, wenye jumuiya za ujifunzaji shuleni na vituo vya walimu, na BOOST, programu ya Serikali ya kuboresha elimu ya awali na msingi, imeweka nguvu kwenye vituo hivyo. Mafunzo ya teknolojia yapite humo humo. Warsha ya siku tatu makao makuu ya wilaya, yenye posho na vyeti, inachosha bajeti na mara nyingi anayeitwa si yule anayefundisha somo lenyewe. Saa mbili kila mwezi shuleni au kwenye kituo, zikiongozwa na mwalimu mwenzao aliye mbele kidogo, zinabadilisha ufundishaji. Yule mwalimu wa Fizikia niliyemtaja angekuwa kiongozi mzuri wa kata yake. Kwenye mpango wenu mtengeeni mtu kama yeye nauli, bando na kupunguziwa vipindi viwili kwa wiki. Gharama yake ni ndogo kuliko projekta moja.

Kuna mambo mawili ya sheria ambayo hayana budi kuonekana kwenye mpango. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inazitaka taasisi za umma zipitishe miradi yake ya TEHAMA kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa hiyo mradi wowote wa mfumo mpya upewe muda wa kibali kabla ya ununuzi. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu wanafunzi wenu. Majina, picha, alama na taarifa za afya za watoto zisipakiwe kwenye programu ya bure kwa sababu tu mwalimu mmoja ameipenda. Andikeni ni mifumo gani imeruhusiwa, na nani anaweza kuona taarifa za mtoto. Shule zikianza kila moja na programu yake, kuzirudisha nyuma ni kazi kubwa.

Kuhusu ratiba, msianze na kikao cha wataalamu mwezi Februari wakati bajeti inakaribia kufungwa. Mwongozo wa mpango na bajeti hutoka katikati ya mwaka wa fedha, na ukifika ninyi muwe na fomu za shule mkononi tayari. Anzeni Agosti na kamati za shule na bodi za shule, kwa sababu mpango wa maendeleo wa shule ndio mlango wa kwanza. Kisha mapendekezo yapite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo idara zenu mbili, Kitengo cha TEHAMA, mipango, ununuzi na mhasibu wakae meza moja siku mbili na kuandika shabaha zile tatu. Mtu wa ununuzi asiachwe nje. Yeye ndiye atakayewaambia kama kinachotakiwa Januari kinaweza kweli kupatikana Januari kwa taratibu za NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma.

Kuna jambo moja ambalo huenda litaleta mvutano. Kwa maoni yangu, mwaka wa kwanza msinunue kifaa kipya hata kimoja cha wanafunzi. Fedha za mwaka huo ziende kwenye soketi, milango na nondo, kutengeneza vishikwambi na kompyuta zilizoharibika, seva ndogo za maudhui, mashine za kudurufu za vituo viwili au vitatu, na mikutano ya walimu. Kompyuta za wanafunzi wa somo la Sayansi ya Kompyuta ni suala tofauti, kwa sababu hapo kifaa ndicho somo lenyewe. Shule zinazolifundisha zipewe kipaumbele mwaka wa pili, zikiwa na mstari wake wa matengenezo.

Madiwani wataona mwaka huo hauna cha kuzindua, na wana haki ya kuuliza, maana wao ndio wanaorudi kwa wananchi. Msiwapelekee hoja za kiufundi. Kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji pelekeni ukurasa mmoja wa ile hesabu ya shule ya wanafunzi 400, mkiwa mmeweka jina la shule iliyo kwenye kata ya mmoja wao na bei za mjini kwenu, pamoja na orodha ya vifaa vilivyolala stoo kata kwa kata. Hesabu hiyo isomwe na mkuu wa shule mwenyewe, akiwa na leja yake ya ruzuku mkononi.